Radi Haitumwi na Jirani

Mazungumzo ya mwanafunzi juu ya mvua, radi na amani katika Butembo na Beni

(Maneno haya yalisemwa redioni. Yameandikwa hapa kwa ajili ya jamaa zilizohama, wakubwa wa mitaa na vijiji, na wale wote wasio na redio.)

 

Mimi ni mwanafunzi wa kilimo hapa Butembo. Jamaa yangu ilitoka upande wa Oicha, kama wengi wenu mliokimbia mauaji yaliyoanza katika wilaya ya Beni mwezi wa Oktoba 2014. Wengine mmetoka kusini, tangu vita vilipofika Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024. Mimi si mkubwa wala mwenye cheo. Lakini katika masomo yangu nilifundishwa somo moja linaloitwa hali ya hewa na tabia ya nchi, na kadiri nilivyolisoma niliona kwamba magomvi mengi ya hapa kwetu yamejificha ndani yake. Ndiyo sababu naomba mnisikilize kidogo.

Je, hali ya hewa ni nini, na tabia ya nchi ni nini? Watu wengi wanadhani ni jambo moja. Hali ya hewa ni ya leo: asubuhi ukungu, mchana jua, saa nane mvua na radi. Tabia ya nchi ni desturi ya mahali kwa miaka mingi. Wataalamu wanahesabu miaka 30 kabla ya kusema, "Mahali hapa desturi yake ni hii." Miaka 30! Yaani mtoto aliyezaliwa siku wanapoanza kuandika anakuwa mzazi kabla hawajamaliza kuhesabu. Nilipenda sana uvumilivu huo. Sisi tunaona mvua imechelewa juma mbili tu, na tayari tunatafuta mtu wa kulaumu.

Sasa tuanze na jambo la karibu, tofauti ya Beni na Butembo. Kati ya miji hii miwili ni kilomita 54 hivi. Ukiwa na motokari na barabara ikiwa salama, si safari. Lakini Butembo iko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,700, na Beni iko chini, karibu mita 1,100 au 1,200. Hewa hupoa kadiri unavyopanda mlima: kila mita 1,000 ni kama digri sita na nusu. Kwa hiyo kati ya Beni na Butembo kuna karibu digri nne. Mtu wa Oicha anayefika Butembo usiku wa kwanza hahitaji mwalimu wa kumwambia hayo, blanketi inamwambia.

Kile ambacho blanketi haiwezi kumwambia ni hiki: mimea pia inasikia baridi. Mahindi hayahesabu siku kama sisi, yanahesabu joto. Mahindi yanayoiva kwa karibu miezi minne huko Mbau au Eringeti, hapa Butembo yanaweza kuchukua miezi mitano au zaidi, na ukipanda tena upande wa Lubero, hata sita. Kakao iliyowapa watu wa Beni pesa haitaki milima hii. Viazi, kabichi na poro vya huku juu navyo havipendi joto la kule chini.

Nawaambieni ugomvi niliousikia, bila kutaja majina. Jamaa moja iliyohama ilikodi shamba kwa mwenyeji kandokando ya Butembo. Walipatana miezi minne, kwa sababu kule walikotoka miezi minne ni mahindi. Wakapanda. Miezi minne ikaisha, mahindi yakiwa bado mabichi. Mwenye shamba akaja na jembe lake na watoto wake, kwa kuwa yeye naye alikuwa amepanga kupanda maharagwe. Mwenye shamba akasema, "Watu hawa wa Beni ni wavivu, walichelewa kupalilia." Yule aliyehama akasema, "Ametupa ardhi mbaya makusudi, au amefanya dawa." Maneno yakawa makali hata yakafika kwa shefu. Wote wawili walikuwa wamelima kwa nguvu, na udongo ulikuwa udongo mzuri. Tofauti ilikuwa digri nne ambazo hakuna aliyezihesabu.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wakubwa wa mitaa, wa selile na wa nyumba kumi: mnapoitwa kuwa mashahidi wa mapatano ya shamba, msiandike miezi peke yake. Andikeni "hadi mavuno ya mahindi" au "hadi mavuno ya maharagwe," kisha wekeni tarehe ya mwisho ambayo haipitwi, iliyo mbali ya kutosha. Andikeni pia itakuwaje ikiwa mvua inachelewa: nani anasubiri, na kwa juma ngapi. Andikeni ikiwa mvua ya mawe inavunja mimea yote, je, kodi inalipwa nusu au nzima? Mstari mmoja wa kalamu mbele ya mashahidi watatu unatosha. Nimeona mapatano ya namna hiyo, na sijasikia yakifika polisi.

Kwa nini mvua inachelewa, basi? Sisi tunakaa juu ya ikweta kabisa. Mstari wake unaikata barabara kati ya Butembo na Lubero. Jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba. Likipita, linachemsha nchi, hewa inapanda, pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, na mvua inafuata jua. Ndiyo maana tuna misimu miwili: mmoja wa Machi hadi Mei, mwingine wa Agosti au Septemba hadi Novemba. Katikati, Januari na Februari pamoja na Juni na Julai, mvua inapungua, ijapokuwa huku kwetu haikatiki kabisa.

Lakini jua si bwana peke yake. Maji ya bahari za mbali nayo yana sauti. Katika Bahari ya Pasifiki kuna miaka ambayo maji yanapata joto kuliko desturi, na jambo hilo linaitwa El Niño. Mwaka wa 1997 hadi 1998 lilileta mvua nyingi mno katika Afrika ya Mashariki, madaraja yakabebwa. Mwishoni mwa 2019 ilikuwa zamu ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika yalipata joto, na mafuriko yakaenea Kenya, Uganda na nchi jirani. Nawaulizeni: mzee gani hapa Butembo, au mjane gani katika kambi, ana mkono mrefu wa kufika Pasifiki na kuchemsha maji yake? Hata hivyo tunasikia mtu akisema, "Tangu wageni hawa waje, mvua imekimbia." Au kinyume: "Wenyeji wamefunga mvua ili tufe njaa tuondoke." Maneno kama hayo yakisemwa mara tatu yanakuwa kama ushuhuda. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tuliona hapa hapa namna uvumi unavyoweza kuchukua jiwe na panga. Wauguzi walishambuliwa, na wengine waliuawa.

Nakuja sasa kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni radi.

Wasikilizaji, katika darasa nilijifunza kwamba sisi tunaishi mahali penye radi nyingi kuliko karibu mahali pote duniani. Wataalamu walihesabu miale ya radi kwa chombo kilichokuwa angani, tangu 1998 hadi 2013, na mwaka wa 2016 wakaandika matokeo. Mahali pa kwanza ulimwenguni ni ziwa la Maracaibo, katika Venezuela. Pa pili ni Kabare, jirani zetu wa Kivu ya Kusini: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Baadaye kuna Kampene katika Maniema. Na Butembo yetu nayo imetajwa katika orodha ya sehemu za Afrika zinazopigwa zaidi. Sababu yake si siri. Tuna jua kali la asubuhi, tuna maziwa yanayotoa mvuke, tuna milima inayosukuma hewa juu wakati wa mchana, na upande wa magharibi tuna msitu mkubwa unaopumua maji usiku na mchana. Vitu hivyo vikikutana, wingu linapanda kilomita nyingi. Ndani yake punje za barafu zinagongana na kusuguana, umeme unakusanyika, kisha unatafuta njia ya kushuka.

Mahali penye radi nyingi hivyo, lazima itapiga watu. Itapiga shule. Itapiga nyumba ya tajiri na ya maskini. Na pale inapompiga mtu aliyekuwa na kesi ya shamba, au mwenye duka aliyekuwa na wivu na jirani, watu hawasemi "wingu". Wanasema, "Nani aliituma?" Kisha wanatafuta mzee, na mara nyingi zaidi mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Akiwa mgeni aliyehama, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hana ukoo hapa.

Mwezi wa Oktoba 1998 magazeti ya Kinshasa yaliandika habari ya mchezo wa mpira katika Kasai. Radi ilipiga uwanjani, wachezaji 11 wa timu moja wakafa, na wa timu ya pili hawakuguswa. Mnaweza kufikiri watu walisema nini. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na hata leo kuna wanaoitumia kama uthibitisho kwamba radi inatumwa.

Profesa wetu hakucheka habari hiyo. Alituuliza: radi ikigonga ardhi, umeme unakwenda wapi? Unatambaa ndani ya udongo pande zote, kama maji yanavyotawanyika ukiyamwaga, lakini si sawasawa. Unafuata unyevunyevu, mizizi, waya na vyuma. Aliyesimama juu ya udongo ulioloa akiwa ametanua miguu, umeme unapanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine. Aliye mita chache kando, juu ya udongo mkavu, miguu yake ikiwa pamoja, anaweza kupona kabisa. Ndiyo sababu ng'ombe wengi hufa kwa pigo moja huku mchungaji wao akibaki hai: ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyo mbalimbali, na moyo wake uko katikati ya njia. Kwa hiyo radi inaweza "kuchagua," lakini inachagua udongo na miguu. Haijui majina yetu.

Najua kuna mzee anayesikiliza na kusema, "Mtoto huyu amesoma vitabu vya wazungu, hajaona niliyoyaona." Baba, mimi sikuja kubishana nawe juu ya kila kitu ulichoona. Nakuomba jambo moja tu: siku radi itakapopiga katika mtaa wako, kabla ya watu kwenda mlangoni kwa mama yule, uwaulize maswali haya. Ilipiga wapi hasa? Kulikuwa na mti mrefu, mkalitusi? Kulikuwa na waya wa kuanika nguo, mabati, mlingoti? Waliopigwa walikuwa wamesimama wapi? Uwape muda hadi kesho yake. Shefu anayepata kuchelewesha hasira kwa usiku mmoja ameokoa mtu.

Na ninyi mlioko chini ya turubai, sikilizeni kwa uangalifu, maana turubai na miti yake haizuii radi hata kidogo. Ukiona mwanga, anza kuhesabu polepole: moja, mbili, tatu, hadi usikie ngurumo. Kila hesabu tatu ni karibu kilomita moja. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, radi iko karibu nawe. Acha jembe, acha bidoni kisimani, toka juu ya kilima, toka chini ya mti. Mahali bora ni nyumba kubwa ya matofali au ndani ya motokari iliyofungwa. Kibanda kilicho wazi cha sokoni hakikulindi. Kama hakuna nyumba, mtawanyike, msisongamane, na kila mmoja achuchumae miguu ikiwa pamoja, mahali pa chini pasipo maji. Usilale chini. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, ijapokuwa jua limekwisha kutoka. Walimu wanaofundishia katika vibanda, mtoto anayetaka kurudi uwanjani mapema mzuieni.

Tena kuna jambo linaloua watu bure. Wengi wanaogopa kumgusa aliyepigwa na radi. Wanasema bado ana moto, au ana laana. Mwili wake hauna umeme hata chembe. Mguse mara moja. Kama hapumui na moyo umesimama, mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 au 120 kwa dakika, bila kuacha, mwingine akitafuta njia ya kumfikisha hospitali. Kati ya waliopigwa na radi, wengi huishi. Na wale ambao moyo umesimama, wengine hurudi wakisaidiwa mapema.

Nisiwachoshe, lakini lipo jambo la miti na makala, kwa kuwa nalo linaleta chuki. Wenyeji wanasema, "Waliohama wanakata miti yetu, ndiyo maana mvua haiji." Waliohama wanasema, "Tupike kwa nini, kwa mawe?" Nilipoliuliza darasani nilipata jibu ambalo halimpendezi mtu yeyote kwa ukamilifu. Mvua ya msimu huu haikukimbia kwa sababu ya kuni za kambi moja. Unyevunyevu wake unatoka mbali, katika bahari na katika msitu mpana wa Kongo. Lakini mlima uliovuliwa miti hauwezi kuyashika maji. Mvua ikinyesha inatelemka yote kwa siku moja, chemchemi inakauka wakati wa kiangazi, na udongo unakwenda bondeni. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, Kivu ya Kusini, mito ilishuka kutoka milimani na mawe na matope ikafunika Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Milima ya Butembo na Lubero nayo ina nyumba mahali pasipofaa nyumba, na mara nyingi mtu aliyehama ndiye anayepewa mteremko ule ambao mwenyeji mwenyewe hataki kulala. Wakubwa wa mitaa, hapo ni juu yenu. Mkionyesha mtu mahali pa kujenga, tazameni kwanza juu yake kuna nini. Nyufa katika udongo, miti iliyoinama, maji yanayotoka mahali pasipokuwa na maji zamani: hizo ni dalili za kuhamisha nyumba kabla ya Aprili.

Na kweli dunia inapata joto. Siku ya anga safi, mtu wa Beni akitazama mashariki anaona Ruwenzori. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Barafu iliyopimwa na wapanda mlima wa mwaka wa 1906 imekwisha kuyeyuka sehemu kubwa. Moshi uliofanya hivyo umetoka hasa katika viwanda na motokari za nchi tajiri. Moto wa chungu cha sombe ni kitu kidogo sana katika hesabu hiyo, tuseme ukweli.

Sasa ombi langu la mwisho, nalo halina gharama. Tafuteni kopo lenye pande zilizonyooka, lisilopanuka juu. Liwekeni wazi, mbali na miti na paa, lifungwe kwenye mti mfupi lisianguke. Kila asubuhi saa moja, mtu achukue rula apime kina cha maji, aandike, kisha ayamwage. Milimita moja ni litre moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita nne kwa tano ni litre 400, yaani bidoni 20 za litre 20 ambazo binti yako hatazifuata mtoni gizani. Daftari hilo mkiliweka mwaka mmoja, mwenye shamba na aliyekodi watajua mvua ilianza lini, bila kuapa. Ningependa wanaopima wawe watoto wawili, mmoja wa mwenyeji na mmoja wa jamaa iliyohama, wakipokezana kwa juma.

Kopo la kwanza liko tayari katika ua wa shule moja hapa mjini, na watoto wameanza. Asubuhi ya leo waliandika milimita 14.